Pete ya Mpasuasanda

Alinaswa kukipambazuka, katika wavu wa tatu, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima. Mghoi Mwanyumba alimfumbata kwa kiganja kimoja, na kwa mkono wa pili akamtoa polepole, uzi baada ya uzi, akiangalia asimvunje unyoya. Alikuwa mpasuasanda, ndege wa rangi ya majani makavu, mwenye macho makubwa meusi na mdomo mdogo ambao akiufungua unakuwa mpana kama wa chura. Huruka usiku na kulala mchana, chini ardhini, akijifanya gogo. Kila mwaka ndege hawa hutoka nyika za kaskazini ya mbali, theluji ikikaribia, wakaja kukaa huku miezi minne. Sasa ilikuwa Machi, na huyu alikuwa anarudi kwao.

Kwa miaka ishirini na sita, nusu ya umri wake, Mghoi alikuwa akiwavisha ndege pete katika kituo kile cha mlimani. Aligeuza mguu wa ndege, mfupi, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Pete ilikuwepo. Akaisoma namba. Akaisoma tena, tarakimu moja moja.

4417.

Akamtia ndege kwenye mfuko wa kitambaa cheupe, akakaza kamba, akabaki amesimama kwenye ukungu ameushika mfuko kifuani. Redio ya kiunoni ikalia.

“Daktari, umeamkaje?” Alikuwa Nzaro, mkuu wa kituo, ambaye siku hizo alikaa ofisi ya mjini. “Mtambo wa wavuni umeniarifu umemnasa mwenye pete hai. Kweli?”

“Kweli.”

“Umsome mapema basi. Unawajua watu wa Idara. Wamekwisha nipigia simu.”

“Nitamtazama,” alisema Mghoi, akazima redio.

Pete za zamani zilikuwa bati tupu lenye namba. Ulimvisha ndege, ukamwachia, ukaomba Mungu mtu mwingine amnase mahali fulani duniani na aandike barua. Pete hai ilikuwa kitu kingine. Uzito wake punje mbili za mchele, nguvu zake joto la mguu wa ndege mwenyewe. Kila nusu saa iliandika mahali alipo. Na mara moja kwa siku ilinasa sauti kwa sekunde kumi na mbili, ili wataalamu wajue ndege amelala jirani na wadudu gani, wanyama gani, maji gani. Ukiisogeza karibu na kisomeo, pete ilimwaga yote iliyobeba. Hata usipoisogeza, mwaka ule Idara ya Ardhi Tulivu ilikuwa imesimamisha mnara upande wa kaskazini wa mlima, ambako ndege wote hupitia wakiondoka, na mnara ule ulisoma kila pete iliyopita hewani.

Ardhi Tulivu yenyewe ilianzia chini ya mlima, upande wa mashariki, ikaenda hadi macho yakachoka. Baada ya ukame wa miaka tisa ilitangazwa kwamba kwa miaka thelathini hakuna mtu atakayeishi kule, kulima wala kuchunga, ili udongo upumzike. Waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Wengine hawakukubali kuhamishwa, wakajificha.

Mghoi aliyajua haya yote vizuri. Ndiyo maana hakwenda kwenye kisomeo. Aliutundika mfuko kwenye msumari katika chumba cha kazi, akakaa kwenye kiti akiutazama.

*

Saa mbili na nusu mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mtandio wake umelowa ukungu, kandambili ameshika mkononi kwa sababu njia ya mlimani ilikuwa tope.

“Karibu, mama,” Mghoi alimwambia. “Umepotea?”

“Sikupotea. Naitwa Dhadho Barisa. Natoka kambi ya kando ya reli. Nimetembea tangu jana.” Alikaa kwenye benchi, akapangusa miguu kwa ncha ya leso. “Redioni walisema hapa kuna ndege wenye pete, na pete inasema ndege alilala wapi na jirani yake alikuwa nani. Ni kweli, mama, au ni maneno ya redio?”

“Ni kweli kiasi.”

“Basi nisikilize.”

Akaeleza bila kupandisha sauti. Walikuwa watu sitini na watatu, wote Waorma, wafugaji, wamejificha katika Ardhi Tulivu miaka sita. Ng'ombe walikwisha kwenye ukame, wakabaki na ngamia na mbuzi. Walichimba visima viwili kwa mikono, kwenye laga, mto wa mchanga uliokauka. Moto waliwasha ndani ya shimo. Simu hawakuwa nazo. Usiku walilala katikati ya ngamia, ili macho ya angani yakitafuta joto la watu yaone joto la wanyama tu. Miaka sita hakuna aliyewaona. Halafu Januari ya mwaka uliopita, alfajiri, yakaja malori kumi na moja, moja kwa moja, bila kutafuta, kama mtu anayerudi nyumbani kwake.

“Visima wakavimwagia zege,” alisema Dhadho. “Mbuzi wengi walikufa ndani ya malori. Sisi tukapelekwa kambini. Sasa niambie, walijuaje?”

Mghoi aligeuza macho kwenye mfuko.

“Kambini wana jibu. Wanasema ni Jilo, mume wangu. Asubuhi ile alikuwa ametangulia malishoni na ngamia majike watatu, hakukamatwa. Wanasema hakukamatwa kwa kuwa alijua. Alituuza. Kaka yake Godana, baba mmoja mama mmoja, alisimama mbele ya watu wote akasema yeye hana ndugu. Miezi kumi na minne, mama, nikisimama kwenye foleni ya maji hakuna anayenisalimia. Posa ya binti yangu imerudishwa.” Akakung'uta tope la kandambili. “Mimi nimezaa na Jilo watoto wanne. Najua hakuuza mtu. Lakini usiku mwingine hata mimi najiuliza, na nikijiuliza naona haya. Nataka kujua kama yu hai. Ndege wako analala chini, pale pale ngamia wanapolala. Muulize.”

“Ngoja nikuletee chai,” alisema Mghoi, akatoka.

*

Jikoni alimimina maji kwenye sufuria, akasahau kuwasha jiko.

Miaka miwili nyuma, Machi kama hii, ndege huyu huyu alipita. Mghoi alipomsoma aliona ajabu. Wenzake wote walikuwa wamekonda, kwa kuwa Ardhi Tulivu ilikuwa imepumzika lakini pia ilikuwa imenyamaza. Palipokosekana mifugo wadudu walipungua. Lakini 4417 alikuwa amenenepa. Miezi mitatu alilala mahali pamoja, kwenye ukingo wa laga moja. Mghoi akafungua sauti moja baada ya nyingine. Upepo. Njiwa. Upepo. Kisha siku ya arobaini, mwanamume akiita ngamia kwa majina, na mwisho wa sekunde zile kumi na mbili, akicheka.

Alijua mara moja amesikia nini. Lugha hakuielewa, lakini kicheko ni kicheko.

Aliandika ripoti. Alijiambia anawasaidia: ataonyesha dunia kwamba ndege wanahitaji wachungaji, kwamba ardhi isiyo na watu si lazima iwe ardhi yenye afya. Hoja ilikuwa nzuri na ilikuwa ya kweli. Ila kwenye fomu ya ramani palikuwa na kijisanduku cha kuweka alama: *ficha mahali*. Ukikiwekea alama, nukta ya mahali inageuka kuwa duara kubwa la kijivu. Alijaribu. Ramani ikaonekana kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Akaiondoa alama. Nukta ikarudi, ndogo, nyekundu, safi, mahali pake hasa. Alikaa akiitazama muda mrefu, na katika muda huo aliwafikiria watu wa laga lile. Hili ndilo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hakusahau. Aliwafikiria, kisha akabonyeza tuma.

Ripoti ilisomwa katika ukumbi mkubwa, watu wakasimama kupiga makofi. Miezi mitatu baadaye aliona picha za malori kwenye taarifa ya habari, akazima.

Alirudi chumbani mikono mitupu.

*

“Mama Dhadho,” alisema, akiwa amesimama. “Si Jilo.”

Dhadho alimtazama. “Umejuaje?”

“Ni mimi.”

Akamweleza. Alianza na uhaba wa wadudu na unene wa ndege, akajiona anazunguka, akaacha. Akasema: niliweka mahali penu kwenye ramani, ningeweza kupaficha, sikupaficha. Dhadho alisikiliza akiwa ameweka kandambili magotini. Uso wake haukubadilika mpaka mwisho.

“Ulijua kuna watu?”

“Nilijua.”

“Ulijuaje?”

Mghoi alifungua droo ya meza, akatoa kinasa sauti kidogo. Aliisikiliza sauti ile mara nyingi mno mwaka ule, peke yake, bila kujua anatafuta nini ndani yake. Akabonyeza. Upepo, kengele ya mti shingoni mwa ngamia, kisha mwanamume akiita jina, na jina la pili, na la tatu. Kicheko. Kimya.

Dhadho aliweka kiganja mdomoni. Alipokiondoa, sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Anacheka kwa sababu yule wa tatu hupenda kumvuta shati.” Akakigusa kinasa sauti. “Mwaka mzima mimi nimesahau sauti yake. Usiku nilijaribu kuikumbuka, haiji. Na kumbe wewe ulikuwa nayo kwenye droo.”

“Nisamehe.”

“Usiniombe hilo sasa.” Hakumwita mama tena. “Yule ndege yuko wapi?”

Mghoi alinyoosha kidole msumarini. Mfuko mweupe ulitikisika kidogo.

“Huyo ndiye?”

“Ndiye. Nimemnasa leo asubuhi. Na pete ina habari za msimu huu wote. Kama Jilo yu hai, na kama ndege alilala karibu naye tena, imo.” Alizungumza haraka, kama anayeogopa kukatizwa. “Lakini tangu mwaka huu, nikiisoma, Idara inaipata saa ile ile. Nikimwachia nayo, mnara utaisoma jioni. Njia ya tatu ni kuikata na kuivunja, na hapo hutajua chochote, wala wao hawatajua. Sheria itaniita mhalifu, lakini hilo ni langu. Wewe ndiye mwenye haki ya kuamua. Sema, nami nitafanya.”

Dhadho alisimama. Kwa mara ya kwanza alikasirika waziwazi.

“Hapana. Usinipe mimi hilo. Uliamua peke yako ulipotutoa, leo unataka tuamue wawili? Nikisema soma wakamkamata, utasema mke wake ndiye aliyetaka. Nikisema vunja, utasema nilichagua kutojua. Amua wewe. Wewe ndiye daktari.”

Ilikuwa kweli. Hata katika kuungama Mghoi alikuwa ametafuta mtu wa kubeba naye.

Alichukua koleo ndogo ya kukatia pete. Akautoa mfuko msumarini, akaingiza mkono, akamtoa ndege. Macho makubwa meusi yalifumba na kufumbua. Alishika mguu kwa vidole viwili, akaingiza ncha za koleo, akabana. Pete ilipasuka kwa mlio mdogo sana. Akaiweka juu ya jiwe la kizingiti, akaiponda kwa nyundo ya kupigilia nguzo za nyavu mpaka ikawa vumbi la kijivu lenye vijipande vya waya.

Dhadho alikuwa akitazama, machozi yakimtoka bila sauti. Hakuyafuta.

*

Mazoea ya kazi ndiyo yaliyofuata. Mikono ya Mghoi, bila kuagizwa, ilimweka ndege kwenye mizani: gramu themanini na tisa. Akampuliza manyoya ya chini ya shingo. Palikuwa na mafuta ya manjano, mazito, yamejaa.

“Amenenepa,” alisema, na papo hapo akaelewa alichokisema.

“Amenenepa kwa nini?”

“Sijui. Wengine wote mwaka huu wamekonda.”

Dhadho aliuchukua mfuko mezani, akaugeuza ndani nje. Chini yake palikuwa na kinyesi cha ndege, cheusi, chenye vitu vinavyong'aa. Alikisugua kati ya vidole, akatoa kipande cha gamba la kijani chenye mng'ao wa shaba. Akakipeleka dirishani penye mwanga.

“Huyu namjua,” alisema polepole. “Ni dundu anayeviringisha mavi. Huyu wa kijani hagusi mavi ya tembo, hagusi ya nyati. Tangu utoto namwona nyuma ya ngamia tu. Alimla lini?”

“Jana magharibi. Chakula hakikai tumboni mwake zaidi ya hapo.”

“Na kabla ya kufika hapa alikuwa wapi?”

“Ardhi Tulivu. Wote wanatokea huko.”

“Kule hakuna ngamia mwitu.”

“Hakuna.”

Walitazamana. Mghoi alikuwa na shahada tatu na kabati lililojaa daftari, na hakuwahi hata siku moja kumjua dundu yule. Dhadho alifunga kile kipande cha gamba kwenye ncha ya leso yake, mafundo mawili.

“Ngamia wakiachwa peke yao miezi kumi na minne bila mtu wa kuwanywesha, wanakufa,” alisema. “Mtu anawanywesha.”

Mghoi alimtia ndege kwenye mfuko mwingine.

Redio ikalia. “Daktari, ni saa sita,” alisema Nzaro. “Mbona sioni kitu? Umemsoma?”

“Sikumsoma. Nimeikata pete na kuivunja.”

“Sema ilikatika wavuni,” alisema Nzaro kwa sauti ya chini. “Hutokea. Nitaandika hivyo.”

“Andika nimeikata mimi, kwa makusudi.”

“Mghoi, watakuja kukuchukua. Mimi sitaweza kuzuia.”

“Waje kesho kutwa. Kesho nina safari.”

Maana Dhadho alikuwa amekwisha sema anachotaka. Hakutaka pole, wala hakutaka kinasa sauti, ingawa alikichukua. Alitaka Mghoi aende kambini, asimame mahali pale pale Godana aliposimama, na aseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Jua lilipokaribia kuzama, Mghoi alimweka mpasuasanda chini ya kichaka nje, mguu wake mtupu. Hakungoja kuona ataruka lini.

*

Asubuhi walishuka kwa gari la kituo. Walipokaribia reli, Dhadho alisema bila kugeuza uso:

“Habari za pete ya jana usizitaje. Wala za dundu. Kambini kuna masikio ya Idara. Utasema ya ramani tu, basi.”

“Sawa.”

“Na mtu akikuuliza umefika vipi na mimi, usiseme ulinisaidia.”

Mghoi alishika usukani kwa nguvu. Tangu usiku alikuwa ameyapanga maneno kichwani, na yalimalizikia hapo hapo: kwamba alipopata nafasi ya pili aliivunja pete, kwamba kesho atakamatwa kwa ajili yao. Ndiyo sehemu aliyokuwa akiisubiri kuifikia. Aliona haya.

Watu walikuwa kwenye foleni ya maji, mitungi ya plastiki imepangwa kwenye vumbi. Dhadho alimwomba Godana awaite wote. Godana, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, hakumjibu shemeji yake. Alimtazama Mghoi na beji ya kituo kifuani, akawaita.

Mghoi alisema. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema alisikia sauti ya mtu katika pete ya ndege, akajua pana watu, akaweka mahali pao kwenye ramani ambayo kila mtu aliweza kuiona, ilhali angeweza kupaficha. “Hakuna mtu wenu aliyewauza,” alisema. “Jilo hakuwauza. Ni mimi.” Palikuwa na nafasi, baada ya hapo, ya kuongeza neno. Hakuliongeza.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Mwanamke mmoja mzee aliuliza kwa Kiorma, mwingine akamjibu, na Mghoi akaona kwamba hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakitazama chini. Wale waliomnyima Dhadho salamu kwa miezi kumi na minne walikuwa wakitazama miguu yao na mitungi yao.

Godana ndiye aliyesogea kwanza. Alipita mbele ya Mghoi kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Alifika mwisho wa foleni, mahali ambapo binti ya Dhadho alikuwa ameweka mtungi wa mama yake, mbali na mitungi ya wengine. Akauinua. Akaupeleka mbele kabisa, kwenye bomba, akafungulia maji, akachuchumaa akiushika usiyumbe. Kwao mzee wa rika lake hateki maji. Watu walimwacha. Mtungi ulipojaa aliutwika begani kwa shida, kanzu ikilowa, akaanza kutembea kuelekea kibanda cha Dhadho. Alipomfikia shemeji yake alisimama, mtungi ukiyumba begani.

“Twende, Godana,” alisema Dhadho kwa upole. “Utaangusha.”

Wakaondoka pamoja, binti nyuma yao. Foleni ikajipanga upya. Mtu alisogeza mtungi wake, mwingine akasogeza wake. Mghoi alibaki amesimama juani, akingoja wamwambie aondoke. Hakuna aliyemwambia. Alingoja muda mrefu kabla hajaelewa kwamba walikuwa wamemalizana naye.